Mnyororo Uliopima Kaburi la Kabula

Kusini mwa Masumbwe, katika ardhi iliyokuwa kitongoji na baadaye ikawa machimbo ya dhahabu, kuna mawe matatu yaliyopakwa chokaa. Chini ya moja, nadhani, amezikwa mtoto wa miaka tisa aliyeitwa Kabula. Chini ya mengine hakuna mtu. Mawili niliyaweka mimi, kwa dira na futi kamba, nikiwa mpima ardhi mwenye cheti. La tatu aliliweka mama yake, kwa kutembea tu. Mawe hayo hayakubaliani, na aliyesababisha ni mimi.

Nawaandikia ninyi vijana mnaokuja kunisalimia hapa Ngokolo mkitoka chuoni, mkiniwekea mezani mashine zenu zinazozungumza na satelaiti. Huwa mnaniuliza kazi ilikuwaje zamani, nami huwachekesha kwa habari za fisi na lori lililokwama matopeni. Hii sijawahi kuwasimulia. Nitaieleza kwa utaratibu kadiri ninavyoweza, na pale ambapo sijui nitasema sijui.

Mwaka wenyewe ni 1974. Ulikuwa na habari nyingi. Redio yetu ya betri, iliyofungwa kwa mpira nyuma ya kiti cha dereva, ilitutangazia mkutano mkubwa wa watu weusi wa dunia nzima uliofanyika Dar es Salaam. Ilitutangazia Wareno kupinduana kwao, na Msumbiji kuahidiwa uhuru. Mwishoni mwa mwaka likaja Azimio la Musoma, kwamba kila mtoto aende shule. Kwetu mkoa wa Shinyanga habari kubwa zilikuwa mbili. Mvua haikunyesha, tukala unga wa njano kutoka ng'ambo ambao mama zetu walisema unanuka ghala. Na kila mtu alitakiwa ahamie kijijini.

Ninyi mmezaliwa mkiwa na vijiji, kwa hiyo niwaeleze. Watu waliishi wametawanyika. Kila mji ulikuwa na ua wake wa minyaa, ng'ombe wake, shamba lake na makaburi yake, na jirani alikuwa umbali wa kupiga yowe. Serikali ilitaka watu wakae pamoja kando ya barabara, ili shule, maji na dawa viwafikie. Shule ilikuja kweli, na mahali pengine kisima kilikuja. Nayasema hayo kwa sababu niliyaona. Niliona pia nyasi za paa zikishushwa mwenye nyumba akiwa bado anakunja mkeka ndani. Mahali palipohamwa tulipaita mahame.

Kazi yetu wapimaji ilikuwa kukata viwanja vya vijiji vipya na mashamba ya kijiji. Mkuu wetu alikuwa Mzee Nkwabi, mtu wa Tabora, mwembamba, mwenye kofia ya kijani aliyokuwa akiivua akitaka kukasirika ili isianguke. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka kozi miezi michache nyuma, na nilidhani najua.

Katika kijiji cha kwanza nilipanga safu nane za viwanja, zimenyooka kama rula. Mzee Nkwabi akaja kuzikagua, akasimama kwenye safu ya saba.

"Ngasa," aliniita, "hapa umewapa akina nani?"

"Kaya kumi na mbili, mzee. Wanatoka Isangilo."

"Wanajua kuogelea?"

Nilitazama. Palikuwa pakavu, nyasi fupi nzuri.

"Angalia miguuni pako," alisema. "Hayo maganda ni ya konokono wa maji. Unadhani walikuja kukutembelea? Masika hapa ni bwawa. Umeweka mama wajawazito ndani ya bwawa." Akavua kofia, kisha akairudisha kichwani. "Ng'oa vigingi. Kabla ya kupima ardhi, isome chini kwanza."

Hilo mlichukue, hata kama mashine yenu inaona kutoka angani.

Tulipimia mnyororo. Ni mnyororo hasa, wa chuma, wenye pingili ndefu zilizounganishwa kwa pete na mshikio wa shaba kila upande. Mtu wa mbele anabeba mishale kumi ya chuma. Kila mnyororo ukinyooka anachoma mshale ardhini, na wa nyuma anauokota. Mishale kumi ikihamia mkono wa nyuma mmekwenda minyororo kumi, hakuna ubishi. Mnyororo unavutwa kwa nguvu ileile kila mara, na unapimwa upya mara kwa mara kwa sababu pete hulegea. Sisi tulikuwa na misumari miwili iliyopigwa kwenye sakafu ya ofisi Shinyanga kwa kazi hiyo. Dira isomwe mbali na panga, na mbali na mnyororo wenyewe, maana chuma huivuta.

Watu hawakuupenda mnyororo. Mahali pamoja mzee wa mji alituona tukiuteremsha kwenye lori, akasimama mlangoni.

"Mmekuja na minyororo," alisema. "Mnamfunga nani?"

Askari wa mgambo aliyekuwa nasi alitaka kujibu vibaya. Mzee Nkwabi akamtangulia. Akamwamkia yule mzee, akampa mshikio wa nyuma. "Shika wewe, baba. Sisi ndio tutakaovutwa."

Mzee alicheka bila kupenda, akaushika. Tangu siku hiyo tulifanya hivyo kila tulipokwenda: mwenye ardhi anashika mwisho wa mnyororo. Haukuwa utaratibu wa ofisi. Ulikuwa utaratibu wa Mzee Nkwabi, na ulituepusha na mikuki mara mbili ninazozijua.

Sasa sikilizeni jambo linalobeba habari yote hii. Mwaka ule nchi ilikuwa bado inahama kutoka futi kwenda mita. Katika lori tulikuwa na minyororo miwili. Mmoja wa zamani, wa futi mia, una pingili mia. Mwingine mpya, wa mita thelathini, una pingili mia na hamsini fupifupi. Ikiwa imekunjwa ndani ya gunia inafanana. Yote ilikuwa na mishikio ya shaba. Na urefu wake unakaribiana sana: wa futi unauzidi wa mita kwa nusu mita tu. Katika kiwanja kimoja humjui aliyekosea. Katika minyororo ishirini unamjua.

Kwa hiyo Mzee Nkwabi alikuwa na sheria moja aliyoirudia hadi tukamwigiza sauti. Kabla hujaandika chochote kwenye kitabu cha uwandani, andika herufi juu ya ukurasa, pembeni kulia. F kama ni futi, M kama ni mita. "Namba isiyo na herufi," alisema, "ni kelele tu."

Niliitii sheria hiyo miaka thelathini na miwili ya kazi. Niliivunja mara moja.

Mama Kabula nilimwona kwanza mbele ya meza ya karani aliyekuwa akiandikisha kaya za kitongoji cha Isangilo. Alikuwa mwanamke mrefu, amenizidi miaka kama kumi, ana mtoto mgongoni. Mumewe alikuwa amekwenda na ng'ombe kutafuta malisho upande wa Ushirombo.

"Watoto wangapi?" karani aliuliza.

"Wawili."

"Namwona mmoja."

"Huyu ni Masanja. Mwingine yuko nyumbani."

"Aletwe aandikwe. Nyumba zinavunjwa kesho."

"Haletwi," alisema.

Karani aliinua uso. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake kwenye mstari ndiye aliyesema kwa sauti ya chini kwamba Kabula alikufa kwa surua mwezi wa tatu. Karani akafuta mbili, akaandika moja. Mama Kabula aliutazama ule mkono ukifuta, akaondoka. Aliendelea kuitwa Mama Kabula. Hakuna aliyewahi kumwita Mama Masanja.

Wiki tatu baadaye tulirudi Isangilo. Watu walikuwa wameshahamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na sisi tulikuja kupima yale mahame yawe shamba la kijiji. Trekta lilikuwa linasubiriwa. Kuta zilikuwa zimeanguka na minyaa imeanza kukatwa na kuchomwa. Mama Kabula alikuwa amekuja kuchukua mawe yake ya kusagia. Alinikuta saa ya chakula, nimekaa peke yangu na kitabu.

"Ng'wangaluka," alinisalimu, salamu ya asubuhi, ingawa jua lilikuwa limeshapanda.

"Ng'wangaluka, mama."

"Ndugu mpima, humo unaandika nini?"

"Mahali vitu vilipo."

"Hata vikiondolewa, panajulikana?"

"Panajulikana."

Alitua mawe yake chini. "Basi niandikie mahali alipo mwanangu."

Nilimwambia tungeweza kuomba trekta lipaache pale. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mwenzake. "Nani aombe? Mimi niliomba siku moja tu, nimalizie kuvuna karanga. Niliziacha." Kisha akasema, "Si lazima kaburi lionekane juu. Nataka nikirudi uzeeni nijue. Na mimi nikifa, wanilaze karibu naye. Hilo tu."

Nilitazama upande wa lori. Msimamizi wa operesheni ya kuhamisha watu alikuwa kivulini, anakula. Siku chache nyuma alituambia waziwazi kwamba mahame hayapimwi nyumba kwa nyumba, maana anayepima alikotoka anajiandaa kurudi. Mzee Nkwabi alikuwa amekwenda kuangalia mpaka wa magharibi. Nilikwenda kwenye rundo la vifaa, nikavuta mnyororo wa kwanza uliokuja mkononi.

Pale Isangilo kuna jabali lenye msalaba mdogo, uliochongwa na wapimaji wa enzi za wakoloni. Jabali halihami, kwa hiyo nilianzia hapo. Nilisoma dira kuelekea nyumbani kwake: nyuzi mia moja na kumi na mbili. Kisha nikampa mshikio wa nyuma.

Alijifunza upesi kuliko vijana wengi niliowafundisha baadaye. Alisimama imara kwenye mshale, akavuta, akasema "tayari", akaokota, akaja. Alihesabu kwa Kisukuma, kwa sauti, kama anayetwanga. Tulipita kwenye mabua, tukapita zizi lililobomolewa. Minyororo ishirini na moja na pingili arobaini. Pale palikuwa na tuta fupi nyuma ya ukuta ulioanguka, limezungushiwa mawe madogo, na juu yake kibuyu kilichokatwa. Aliulaza mshikio juu ya tuta taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha.

Sikuandika kwenye kurasa za kazi. Niligeuza kitabu, nikafungua ukurasa wa mwisho kabisa, nikaandika haraka: *Jabali hadi K. 112. 21/40.*

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Soma."

Nilisoma. Akataka nirudie. Mara ya tatu alisema pamoja nami: mia moja na kumi na mbili, ishirini na moja, arobaini. "Wabeja," alisema, asante, akajitwika mawe yake. Nami nikarudisha mnyororo kwenye rundo kabla msimamizi hajamaliza kunawa mikono.

Wiki mbili baadaye Mzee Nkwabi alikuwa akikagua vitabu. Alifika ukurasa wa mwisho.

"K ni nini?"

Niliogopa angeniripoti. "Kisima, mzee."

Alikitazama kile kitabu. "Kisima kisicho na herufi," alisema, akanirudishia. Hakuvua kofia. Nadhani alijua si kisima. Ningemwambia ukweli siku ile, angeniketisha chini, angewaita wote walioshika vifaa siku ya kupima, na tungelijua jibu kabla ya chai kupoa. Nilimdanganya ili nisigombezwe, na alistaafu mwaka uliofuata, na hayupo tena.

Miaka kama tisa ikapita. Nilioa, tukapata mapacha, watu wakaanza kuniita Baba Kulwa. Nilipanda cheo. Siku moja asubuhi Mama Kabula aliingia ofisini Shinyanga na vumbi la safari hadi kwenye kope. Alikuwa amepungua, lakini nilimjua kabla hajasema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Kulwa. Hawajambo watoto?"

"Hawajambo."

Alikaa, akashika magoti yake. "Isangilo wameingia wachimbaji. Wamepata dhahabu upande wa jabali. Wanakuja na mashimo yao, kila siku karibu zaidi. Nimewaambia kuna mtu wangu pale. Wakasema, tuonyeshe. Nimekwenda, sipaoni. Trekta limelima misimu yote hii, hakuna ua, hakuna mti, miti wamekata. Lakini nimewaambia msijali, kaandikwa." Kisha akasema, kama mtoto anayesoma mbele ya mwalimu, "Mia moja na kumi na mbili. Ishirini na moja. Arobaini."

Nilikwenda stoo. Kitabu nilikipata kwa taabu, mchwa wameanza kula jalada. Nilifungua ukurasa wa mwisho, nikatazama pembeni kulia. Palikuwa peupe.

Mtasema, si uangalie kurasa za kazi za siku ileile? Niliangalia. Kurasa za asubuhi zina F. Kurasa za mchana zina M. Saa ya chakula tulibadilishana mnyororo na kikosi cha pili, ndiyo maana yote miwili ilikuwa imelala kwenye rundo. Mimi nilipima katikati. Kama ningeandika pingili mia na kumi ingejulikana ni wa mita, kwa kuwa ule wa futi hauna pingili zaidi ya mia. Niliandika arobaini, ambayo ipo kwa yote miwili. Niliwahi kuwauliza wenzangu wawili waliobaki wa kikosi kile. Mmoja hakukumbuka, mwingine alicheka, akadhani namtania.

Sikumwambia pale ofisini. Nilimwambia twende.

Isangilo nilikuta mji wa maturubai. Kila hatua chache kuna duara, ndivyo wanavyoita mashimo yao, yameshikiliwa na magogo wanayoyaita matimba. Mkubwa wa duara la karibu alikuwa mtu mnene kidogo, kijana wa Geita, anaitwa Shija, amevaa kofia ya mpira wa miguu na vumbi jeupe mwili mzima.

"Mama wa namba amerudi," aliwaambia wenzake, lakini bila dharau. "Shikamoo, mama. Na huyu mzee wa ramani, shikamoo."

"Marahaba. Duara lako linaelekea wapi?"

"Sisi tunafuata mwamba wenye dhahabu, mzee. Hatuujui unakokwenda, wenyewe ndio unatupeleka." Alionyesha kwa sururu kule kule nilikojua dira yangu ingeelekea. "Ila mtu wa mama tutamkwepa. Na sisi tuna mama. Nionyesheni tu nizungushie matimba."

Jabali lilikuwepo, na msalaba wake. Nilisoma dira nikiwa nimewaambia wote waweke sururu mbali. Nilipima kwa futi kamba, nikifuata hesabu ya mnyororo wa mita, nikafika mita mia sita thelathini na nane. Nikaweka jiwe. Kisha nikaendelea mbele, nikifuata hesabu ya mnyororo wa futi, mita kumi na nne zaidi na kidogo. Nikaweka jiwe jingine.

Shija alinitazama. "Mzee, mtoto alikuwa mmoja au wawili?"

Hapo ndipo nilipomgeukia Mama Kabula, nikamweleza. Nilimweleza minyororo miwili, rundo, herufi. Nilieleza kirefu, kama mtu anayetumaini kwamba maneno yakiwa mengi kosa litakuwa dogo.

"Kwa hiyo," alisema hatimaye, "hukuandika."

"Niliandika, mama. Sikuandika lote."

"Miaka yote hii nilikuwa nasinzia nikisema namba zile."

"Najua."

"Ule mnyororo niliushika mimi. Ulikuwa na mshikio wa njano."

"Yote miwili ilikuwa ya njano, mama."

Aliinama, akavua kandambili, akaziacha pale. Akarudi hadi kwenye jabali, peke yake. Akaupa mgongo ule msalaba, akaanza kutembea. Midomo yake ilikuwa ikihesabu kwa Kisukuma. Hakutazama mawe yangu. Alikuja moja kwa moja, akapita la kwanza, na kabla ya kufika la pili alikata kushoto hatua kama kumi na mbili, akasimama. "Hapa," alisema. Shija mwenyewe ndiye aliyemletea jiwe.

Nawaambia kama mpima: mtu hakumbuki umbali wa namna hiyo kwa miguu, si baada ya miaka tisa, si katika ardhi iliyolimwa na kupinduliwa. Nawaambia pia kwamba nilipomwona amesimama pale niliamini kuliko nilivyoamini dira yangu. Na sijui ipi kati ya imani hizo ni ya kitaalamu.

Shija alikuna shingo. "Mawe matatu ni shamba, mzee. Mwamba wangu unapita hapahapa katikati. Nipe moja, nitalilinda. Wewe ndiye fundi. Sema lipi."

Wote walinitazama. Mama Kabula naye alinitazama. Ningetaja lolote wangeniamini, na yeye angekwenda kulala nyumbani kwake ametulia. Nililifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

"Sijui," nilisema.

"Basi tuchimbe pote patatu," alisema Shija. "Futi nne tu, taratibu, kwa mikono. Tutajua leo."

"Hapana," alisema Mama Kabula. "Akiwepo mtamfukua. Mkimkosa pote, nitakuwa sina hata pa kudhania. Vyote viwili siviwezi."

Shija alivua ile kofia yake, akaishika, kisha akasema, "Haya. Yote matatu." Akawaambia vijana wake walete magogo.

Walizungushia eneo lote. Juu ya ardhi waliheshimu, hilo nalithibitisha, kwa sababu nilirudi mara mbili nikaona. Chini sikuingia. Duara likishuka hugeuka na kufuata mwamba kama panya anavyochimba, na mchimbaji aliye chini kabisa na kurunzi mdomoni hajui juu yake kuna jiwe gani. Nilimuuliza Shija mara ya mwisho tulipoonana kama walipita chini ya pale. "Tulijitahidi, mzee," alisema. Mwaka uliofuata maji yalijaa, wakahamia machimbo mengine.

Mama Kabula hakunilaumu tena. Kila mwaka baada ya mavuno alikwenda Isangilo na chokaa, akayapaka yote matatu. Aliponiona barabarani aliuliza hali ya mapacha. Ningependelea angenitukana.

Mwezi uliopita Masanja, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, alinipigia simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Masanja. Mama anaendeleaje?"

"Mama ameshuka sana. Hali chakula. Padri amekuja. Baba, tumekubaliana ukoo mzima, atalazwa Isangilo kama alivyotaka. Tunataka kuandaa mahali. Wazee wanauliza, pembeni ya jiwe lipi?"

"Yeye anasemaje? Lile lake?"

"Nilimuuliza. Alisema yeye alitembea kwa hasira siku ile, huenda alipitiliza. Akasema, 'Mwulizeni Baba Kulwa, pengine amekumbuka.'"

Nilimwambia nitampigia.

Mmoja wenu, sitamtaja kwa kuwa alifanya kwa wema, alikwenda Isangilo wiki mbili zilizopita na mashine yake. Aliniletea karatasi safi. Mahali pa mawe yote matatu panajulikana sasa kwa usahihi wa upana wa kidole. Nilimshukuru, na kazi yake ni nzuri kweli.

Karatasi hiyo nimeiweka mezani, pamoja na kile kitabu kilicholiwa na mchwa, kimefunguliwa ukurasa wa mwisho. Leo asubuhi Masanja amepiga tena mara mbili. Mama bado anapumua, na bado anauliza. Ishirini na moja, arobaini. Pembeni kulia, juu ya namba, pako peupe.